Je, Wajua? Jiji Moja, Miji Sita

Mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza wanalikumbuka jina la Stoke: timu ngumu, mipira ya kurusha ya Rory Delap iliyotua langoni kama kona, na uwanja wa baridi na upepo ambao vigogo hawakupenda kuuendea kati ya 2008 na 2018. Lakini Stoke yenyewe ni wapi? Ukishuka kwenye kituo cha treni cha Stoke-on-Trent, hutakuwa umefika katikati ya jiji. Katikati ya jiji ni mji mwingine kabisa, wenye jina jingine, na itakubidi upande basi. Mambo ya namna hiyo ni mengi katika jiji hili la kaunti ya Staffordshire, lililoko kati ya Manchester na Birmingham, na yote yanatokana na jambo moja: lilizaliwa kwa kuunganisha miji sita ambayo hadi leo haijakubali kusahauliwa.

Je, wajua majina yao? Ukitoka kaskazini kwenda kusini ni Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Imejipanga kama mstari juu ya mkanda wa makaa ya mawe, kila mmoja umegusana na mwenzake, na kila mmoja una ukumbi wake wa mji, barabara yake kuu na kanisa lake.

Je, wajua kwamba muungano huo una tarehe kamili? Ni 31 Machi 1910. Kabla ya siku hiyo Hanley ilikuwa manispaa yenye mamlaka ya kaunti. Stoke, Burslem na Longton zilikuwa manispaa za kawaida. Tunstall na Fenton zilikuwa miji midogo yenye mabaraza. Mazungumzo ya kuungana yalikuwa yameanza tangu karne ya 19 na kuvunjika zaidi ya mara moja. Burslem ilipinga kwa nguvu. Hoja iliyowakera watu haikuwa fahari peke yake, bali kodi: nani alipe deni la nani, na kwa nini mji uliojibana kwa miaka utoe fedha kuziba pengo la jirani aliyejenga kwa mikopo? Ilibidi Bunge la London liingilie ndipo sheria ikapita.

Majiji ya kuunganishwa si haba duniani. Buda, Óbuda na Pest ziliungana mwaka 1873 zikawa Budapest. Huko Japani majiji 5 yaliungana mwaka 1963 yakawa Kitakyushu. China ina Wuhan, iliyotokana na Wuchang, Hankou na Hanyang. Sisi tunayo Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambako reli na bandari ziko Kigoma na kumbukumbu za misafara ziko Ujiji. Wengine hutunga jina jipya, wengine huunganisha majina yote. Kule Staffordshire walichukua jina la mji mmoja wakaipa yote sita, na huo haukuwa hata mji mkubwa kuliko mingine.

Je, wajua kwa nini basi walichagua Stoke badala ya Hanley? Stoke ndiko lilikokuwa kanisa mama la parokia ya zamani iliyoenea sehemu kubwa ya eneo hilo, na tangu 1848 ndiko kilikokuwa kituo kikuu cha reli. Hanley ilikuwa na maduka, watu wengi na biashara, ikabaki kuwa katikati ya jiji. Stoke ikapata jina na makao ya halmashauri. Ili kutofautisha, mji wenyewe huandikwa Stoke-upon-Trent na jiji zima Stoke-on-Trent. Mgeni anaweza kuona ni tofauti ya herufi mbili tatu tu. Mwenyeji wa Longton haoni hivyo: ukimwambia anatoka Stoke, atakwambia anatoka Longton.

Meya wa kwanza wa jiji hilo lililoungana alikuwa Cecil Wedgwood, wa ukoo wa wafinyanzi maarufu kuliko wote wa Burslem. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alirudi jeshini, akauawa La Boisselle, Ufaransa, tarehe 3 Julai 1916, katika siku za mwanzo za mapigano ya Somme.

Je, wajua kwamba Burslem, baada ya kuunganishwa bila kutaka, ilifungua ukumbi mpya wa mji mwaka 1911? Mji ambao haukuwa tena na baraza lake ulijipatia ukumbi mkubwa wa baraza. Ule wa zamani wa 1857, wenye malaika wa rangi ya dhahabu juu ya paa, nao haukubomolewa. Ukifika Burslem leo unaziona kumbi zote mbili, kila mmoja na nguzo zake. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba sheria inaweza kufuta baraza kwa siku moja na bado ikaacha mji mzima umesimama.

Je, wajua kwamba Stoke-on-Trent haikuitwa jiji mwaka 1910? Ilikuwa manispaa kwa miaka 15. Maombi ya hadhi ya jiji yalikataliwa kwa sababu idadi ya watu haikufika 300,000. Viongozi wakapeleka ombi kwa Mfalme George V, naye akalitangaza jiji alipokuja kuweka jiwe la msingi la upanuzi wa hospitali Juni 1925. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi zaidi ya 258,000. Kumbe jiji hilo, miaka 100 baadaye, bado lingeshindwa mtihani ule ule.

Jirani wao wa magharibi, Newcastle-under-Lyme, walialikwa pia. Mwaka 1930 jiji lilipeleka mswada wa kumeza mji huo, na wakazi wa Newcastle walipopigishwa kura ya maoni kwa kadi za posta wakakataa karibu wote. Mpango ukafa.

Je, wajua kilichowaleta wafinyanzi hapa? Ardhi yenyewe. Udongo mwekundu na makaa ya mawe vilikuwa karibu karibu, chini ya miguu ya wakulima. Mwaka 1448 William na Richard Adams walitozwa faini kwa kuchimba udongo katika barabara ya umma karibu na Burslem, na hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo za ufinyanzi wa eneo hilo. Walikuwa wakulima waliofinyanga msimu ambao shamba halikuwadai. Vyungu vyao vya mwanzo vilivyopata soko kubwa vilikuwa vya kuwekea siagi ya wafugaji wa Staffordshire. Burslem, iliyotangulia wenzake katika kazi hiyo, huitwa Mji Mama mpaka leo.

Je, wajua kwamba ndui ndiyo iliyoupa ulimwengu mfinyanzi mkubwa kuliko wote wa Uingereza? Josiah Wedgwood alizaliwa Burslem mwaka 1730 katika familia ya watoto wengi, yeye akiwa kitinda mimba. Ndui aliyougua utotoni ilimharibu goti, akashindwa kuendesha kwa mguu gurudumu la kufinyangia. Akageukia kazi ya kuchanganya udongo, kupima rangi na kubuni maumbo. Mwaka 1765 alimtengenezea Malkia Charlotte vyombo vya chai vya rangi ya malai, akapewa ruhusa ya kuviita vya malkia, na kuanzia hapo kila mwenye nacho alitaka vya namna hiyo. Mwaka 1768 mguu ule ulikatwa. Mwaka uliofuata akafungua kiwanda cha Etruria, kando ya Hanley. Catherine Mkuu wa Urusi alimwagizia vyombo vya meza zaidi ya 900, vilivyochorwa mandhari za Uingereza, kimoja kisifanane na kingine. Alibuni kipimo cha joto la joko, wanasayansi wa London wakamkaribisha katika chama chao mwaka 1783. Charles Darwin ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake.

Lakini kitu cha Wedgwood kinachonigusa kuliko vyote ni kidogo, kinaenea kiganjani. Mwaka 1787 kiwanda chake kilitengeneza nishani ya udongo yenye sura ya Mwafrika aliyepiga goti na minyororo mikononi, akiuliza kama yeye si binadamu na ndugu. Wedgwood hakuiuza, aliigawa. Alimpelekea Benjamin Franklin pakiti nzima huko Philadelphia. Wanawake wa Uingereza waliivaa kwenye bangili na pini za nywele, na mapambano dhidi ya biashara ya watumwa yakapata alama inayoonekana mezani na shingoni. Siku hizi wapo wanaouliza kwa nini Mwafrika yule alichongwa amepiga magoti akiomba, badala ya kusimama akidai. Swali ni la haki. Na sisi wa pwani tuna la kuongeza: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 86 baada ya nishani ile kutoka jokoni.

Je, wajua adui wa mfanyabiashara wa vyombo alikuwa nani? Barabara. Vyombo vilibebwa kwa farasi katika njia za matope, vikafika sokoni vipande. Wedgwood alikuwa miongoni mwa waliopigania mfereji wa kuunganisha mto Trent na mto Mersey, na mwaka 1766 yeye mwenyewe alikata udongo wa kwanza karibu na Burslem. Fundi alikuwa James Brindley. Mfereji ulikamilika 1777, wa kilomita 150 hivi. Ukaleta udongo mweupe wa Cornwall na jiwe la gumegume la kusini, ukapeleka sahani Liverpool na baharini. Kaskazini ya Tunstall unapita chini ya kilima cha Harecastle katika handaki la zaidi ya kilomita mbili na nusu, jembamba hata punda wa kuvuta mashua hakuweza kupita. Wanaume walilala chali juu ya mashua, wakakanyaga kuta za handaki hatua kwa hatua gizani kwa saa mbili au tatu, hadi upande wa pili. Thomas Telford alichimba handaki la pili, lenye njia ya wanyama, mwaka 1827. Maji ya hapo mpaka leo yana rangi ya kutu kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo kilimani.

Je, wajua majoko ya chupa? Hizi ndizo alama za jiji. Ni majengo ya matofali yenye tumbo pana na shingo nyembamba, marefu kuliko nyumba za ghorofa mbili, yaliyokuwa yakichomoza nyuma ya kila kiwanda. Zamani yalikuwa yamefika 2,000 hivi. Sasa yamesalia 47, na sheria inayalinda. Unachokiona kwa nje ni ganda tu, bomba la kuvutia moshi. Joko lenyewe liko ndani, la mviringo, na vinywa vya moto kulizunguka.

Kazi ya kulijaza ilikuwa ya wanaume. Vyombo vibichi vilipangwa kwanza ndani ya masanduku ya udongo mgumu ili moshi na ndimi za moto zisiviguse. Kila sanduku lilijaa hadi kuwa mzigo wa mtu mzima, naye mpangaji alilitwika kichwani, juu ya kata iliyoviringwa kwa soksi kuukuu na kuwekwa mbele ya kofia, akapanda nalo ngazi kulipandanisha juu ya mengine hadi karibu na dari. Joko likijaa, mlango ulijengewa matofali na kuzibwa. Moto ukawashwa na kulishwa zaidi ya tani 10 za makaa ya mawe kwa siku mbili au tatu, huku fundi wa moto akikesha, akitoa pete za udongo kwa fimbo ya chuma kupitia tundu ili apime zimesinyaa kiasi gani. Akikosea, kazi ya wiki kadhaa ya watu mamia imeungua. Kisha likaachwa lipoe siku mbili. Mara nyingi halikuachwa vya kutosha: waajiri walikuwa na haraka, na wapangaji waliingia kutoa masanduku joto likiwa bado la kuchoma nyusi, wamejifunga vitambaa vilivyolowa maji.

Hata masanduku yale yalikuwa na mafundi wao. Mmoja alitengeneza kuta, na kijana wake alikuwa na kazi moja tu: kuponda bonge la udongo kwa nyundo kubwa ya mbao ndani ya pete ya chuma, apate kitako cha sanduku. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina lake, ilikuwa na mshahara wake, na watu waliifanya kwa miaka.

Moshi je? Majoko yakiwashwa pamoja, taa za mitaani ziliweza kuwaka mchana. Wiki iliyotegemewa kuwa na anga safi ilikuwa ile ya likizo ya wafinyanzi, mwezi wa Agosti, viwanda vikifungwa. Sheria ya hewa safi ya 1956, pamoja na majoko ya umeme na gesi, iliyamaliza yale ya makaa. Mwaka 1978 wazee waliobaki na ujuzi waliitwa Longton kuchoma joko moja kwa mara ya mwisho, ili namna ya kazi ile irekodiwe kabla haijafa nao.

Wengi walikufa mapema kuliko majoko. Vumbi la gumegume liliwala mapafu. Madini ya risasi katika maji ya kung'arishia vyombo yaliwadhuru waliochovya, wanawake na watoto wakiwemo, kwa kupooza mikono, kupoteza meno na kuharibika mimba. Sahani nyeupe zilizopamba meza za Ulaya zilipita katika mikono hiyo.

Je, wajua kwamba kikombe chembamba kile kinachopitisha mwanga ukikiinua dirishani nusu yake ni mifupa? Josiah Spode wa Stoke na mwanawe ndio walioipata kanuni iliyokubalika, kuelekea mwaka 1800: sehemu mbili majivu ya mifupa ya ng'ombe, sehemu moja udongo mweupe wa Cornwall, sehemu moja jiwe la huko huko. Wachina walikuwa wameitawala kaure kwa karne nyingi. Hii ilikuwa njia ya Staffordshire ya kuwafikia.

Na ile michoro ya buluu yenye mti wa mierebi, daraja, watu watatu na ndege wawili angani? Hadithi yake ya wapenzi waliogeuka ndege haikutoka China. Ilitungwa Uingereza, ili sahani ziuzike.

Michoro ya aina hiyo haikuchorwa kwa mkono sahani kwa sahani. Fundi alichonga sahani ya shaba, akaipaka rangi, akaigandamiza juu ya karatasi laini. Mwanamke akaikata karatasi ile, akaikalisha juu ya chombo kilichochomwa mara moja lakini hakijang'arishwa, bila kuacha mkunjo, maua yakutane vizuri kwenye ukingo, akaisugua kwa brashi ngumu hadi rangi ihamie, kisha akaiosha karatasi kwa maji na kubaki na mchoro. Kiwanda cha Middleport huko Burslem, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880, bado kinafanya hivyo.

Wanawake hawakubaki kwenye karatasi tu. Clarice Cliff wa Tunstall, aliyezaliwa 1899, alianza kazi akiwa binti mdogo wa kupaka rangi ya dhahabu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 jina lake mwenyewe lilipigwa mhuri chini ya vyombo vya rangi kali za chungwa na njano. Susie Cooper wa Burslem alifungua biashara yake mwaka 1929. Katika miji iliyojaa majina ya ukoo wa wanaume, mihuri hiyo miwili si jambo dogo.

Je, wajua kwamba mwandishi aliyeitangaza miji hii aliuacha mmoja nje? Arnold Bennett, mzaliwa wa Hanley wa mwaka 1867, aliandika riwaya baada ya riwaya kuhusu Miji Mitano. Aliibadilisha majina kidogo: Burslem ikawa Bursley, Hanley ikawa Hanbridge. Fenton haikuwemo kabisa. Maelezo yake yalikuwa kwamba tano inasikika vizuri kuliko sita. Watu wa Fenton hawajalisahau hilo zaidi ya miaka 100 baadaye, na kwa kweli nawaelewa. Bennett aliishi Paris na London, hoteli ya Savoy ikaita kimanda kwa jina lake, lakini majivu yake yalirudishwa kuzikwa Burslem.

Kama kuna siku miji sita ilisema kwa sauti moja, kwangu ni tarehe 6 Septemba 1942. Miezi mitatu nyuma, 10 Juni, Wanazi walikuwa wamekiangamiza kijiji cha wachimba migodi cha Lidice, huko Chekoslovakia, kulipiza kisasi cha kuuawa kwa Reinhard Heydrich. Wanaume 173 walipigwa risasi pale kijijini, wanawake wakapelekwa kambi ya Ravensbrück, watoto wengi wakauawa kwa gesi, nyumba zikabomolewa hadi msingi. Hitler alitaka jina lenyewe lifutike. Barnett Stross, daktari wa Stoke-on-Trent na diwani, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyetumia miaka kuwatibu na kuwatetea wachimba makaa na wafinyanzi wenye mapafu yaliyojaa vumbi, alisema Lidice itaishi. Kampeni ilizinduliwa katika ukumbi wa Victoria, Hanley, umejaa watu, na Rais Edvard Beneš wa Chekoslovakia aliyekuwa uhamishoni akiwa jukwaani. Wachimba migodi na wafanyakazi wa vyungu, wakati wa vita, chakula kikiwa cha mgao, walichanga katika mishahara yao. Zikapatikana pauni 32,000. Mwaka 1947 ujenzi wa Lidice mpya ulianza, na mwaka 1955 bustani ya waridi ikafunguliwa kati ya kijiji kipya na mahali pa kile cha zamani, kwa miche iliyotolewa na nchi nyingi. Ni jambo linalostahili kujulikana kuliko mabao yote ya Stoke City.

Tukiwa kwenye mabao: je, wajua mshindi wa kwanza kabisa wa Ballon d'Or? Stanley Matthews, mtoto wa kinyozi na bondia wa Hanley, mwaka 1956, akiwa na miaka 41. Alianza Stoke City mwaka 1932, akaenda Blackpool, akarudi nyumbani 1961, na mechi yake ya mwisho ya ligi kuu alicheza Februari 1965 akiwa ametimiza miaka 50. Wakati huo alikuwa ameshapewa hadhi ya Sir, bado akivaa njumu. Kisha akaja Afrika. Ghana walikuwa wameshamwona mwaka 1957. Soweto, katikati ya ubaguzi wa rangi, alifundisha vijana Weusi na mwaka 1975 akaongoza timu yao hadi Brazil, safari ambayo vijana wa Soweto hawakuruhusiwa hata kuiota. Alifariki mwaka 2000, na majivu yake yako chini ya duara la kati la uwanja wa Stoke City.

Burslem ina timu yake, Port Vale. Bila shaka.

Harakaharaka: nahodha wa Titanic, Edward Smith, alizaliwa Hanley mwaka 1850. Thomas Twyford, naye wa Hanley, ndiye aliyeleta choo cha kaure cha kipande kimoja katika miaka ya 1880. Phil Taylor, bingwa wa dunia wa mishale mara 16, ni wa Burslem na aliwahi kufanya kazi kiwandani akitengeneza vishikio vya kaure vya vyoo. Mgodi wa Chatterley Whitfield, karibu na Tunstall, ulikuwa wa kwanza Uingereza kutoa tani milioni moja za makaa kwa mwaka mmoja, 1937; ulifungwa 1977.

Je, wajua chakula kinachounganisha miji yote? Ni chapati laini ya unga wa oti, unga wa ngano, hamira na maji, inayomiminwa juu ya chuma cha moto na kugeuzwa mara moja. Ndani huwekwa jibini na nyama, ikakunjwa na kuliwa asubuhi. Zamani familia ziliipika sebuleni na kuwauzia wapita njia kupitia dirisha. Dirisha la mwisho la namna hiyo, huko Hanley, lilifungwa mwaka 2012. Maduka bado yapo, na kila mji una watu wanaoapa kuwa chapati ya kweli ni ya kwao. Anayekuuzia, awe wa Tunstall au Longton, atakuita bata: hivyo ndivyo wanavyoitana kwa upendo, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa mtoto.

Miaka ya karibuni imekuwa migumu. Kiwanda cha Royal Doulton cha Burslem kilifungwa 2005, Spode ikaanguka 2008, Wedgwood ikaingia kwenye ufilisi 2009. Gharama ya gesi imeyabana majoko yaliyobaki. Moorcroft, wafinyanzi wa Cobridge tangu 1913, walifunga milango masika ya 2025. Miezi michache baadaye mjukuu wa mwanzilishi akaikomboa kampuni na mafundi wakaanza kurudi.

Je, wajua kwamba huenda nyumbani kwenu kuna kipande cha jiji hili? Pwani yetu ilipamba nyumba na makaburi kwa kaure tangu kale; bakuli za China zilijengewa kwenye nguzo za makaburi, na zidaka za nyumba za Lamu zilipangwa vyombo. Katika karne ya 19 sahani za Ulaya ziliongezeka sana, na wachimbuaji wa mambo ya kale huokota vipande vyake katika makazi ya enzi hiyo Unguja na kwingineko, vya Uingereza na vya Uholanzi. Wenyeji wa Stoke-on-Trent wana tabia inayojulikana: wakikaa kwenye mkahawa popote duniani, hugeuza sahani kusoma mgongo wake kabla ya chakula kuja. Nawe jaribu, kwa kabati la bibi au hata kwa hoteli, maana Steelite na Churchill za huko huuza kwa hoteli za nchi nyingi. Ukikuta alama ya msambamba wenye herufi na namba kwenye pembe zake, umbo la chombo hicho au mchoro wake uliandikishwa kati ya 1842 na 1883. Ukikuta neno England peke yake, kwa kawaida ni cha 1891 au baadaye, kwani Marekani ilianza wakati huo kudai kila bidhaa iandikwe nchi ilikotoka. Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Na chini yake, mara nyingi kwa herufi ndogo, utasoma mahali: Burslem, Hanley, Tunstall, Longton. Viwanda vingi viliendelea kuandika jina la mji wao miaka mingi baada ya 1910.